Utumbo wa Ijumaa

Malalamiko ya mbweha niliyapeleka mimi mwenyewe, na hilo silikani. Nina kuku wa mayai sitini nyuma ya nyumba yangu, mwisho kabisa wa mji wa Makambako, pale nyumba zinapokoma na msitu wa misindano, ile miti ya mbao, unapoanza. Ndani ya wiki tatu za mwezi wa sita mbweha walinibebea kumi na mmoja. Yule wa mwisho alibebwa saa moja asubuhi, jua limeshatoka, mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Mbweha alikatiza uwanja wangu bila haraka yoyote, akamkamata kuku wangu, akanitazama, akaenda zake kama mtu anayetoka dukani. Sijawahi kudharauliwa namna ile na binadamu, sembuse mnyama.

Nikajifunga kanga, nikavaa koti juu yake kwa sababu ya upepo, nikaenda ofisi ya mtaa.

Mwenyekiti wetu anaitwa Hilario. Ni mtu wa watu, mcheshi, hakosi msibani. Ndiye pia mwenye kibanda cha kitimoto kinachojaa kila mwisho wa wiki, na balaa lote lilianzia hapo. Zamani alikuwa akichinjia nguruwe nyuma ya kibanda chake. Kisha likajengwa kanisa pale kilimani, ambalo waumini wake hawagusi nguruwe hata kwa fimbo, na wazee wa pande zote mbili wakakaa wakakubaliana kiungwana: kwa kuwaheshimu majirani, nguruwe wachinjiwe mbali, na vya ndani visimwagwe mahali ambapo mtu anayekwenda ibadani anaweza kuvikanyaga. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyetukanwa. Uungwana huo nausifu mpaka leo. Lakini huko "mbali" walikokubaliana ni kwenye korongo lililo ndani ya misindano, hatua mia na ishirini kutoka banda langu la kuku. Nimezihesabu. Mimi sikuitwa kwenye kikao.

Basi kila Ijumaa jioni Hilario na vijana wake wanachinja wawili, watatu, wanachukua nyama, na utumbo na mapafu na takataka zote wanazitupa korongoni. Yeye anauza nyama choma na rosti, hana muda wa kuosha utumbo. Halafu tunashangaa mbweha wametoka wapi.

"Umefanya vizuri kuja, Mama Rejoice," akaniambia. Rejoice ni binti yangu. Mimi ni Zipora, lakini mtaani hakuna anayeniita hivyo. "Hili tutalimaliza. Alois wa duka la pembejeo ana dawa. Tunaipaka kwenye utumbo pale pale korongoni, Ijumaa moja tu, Jumamosi tunakwenda kuokota mizoga."

Mwili ukanisisimka. Siyo kwa kuwahurumia mbweha, Mungu ananiona. Ni kwa sababu nilikuwa najua kitu ambacho Hilario hakijui.

Dirisha la jiko langu linatazama misindano. Mwezi wa tano, jioni moja jua likizama, nilimwona mwanamke akishuka korongoni na ndoo. Nilidhani anatafuta kuni. Alipopanda nikatoka nje, tukakutana uso kwa uso. Alikuwa Dorosela, jirani yangu wa nyumba ya nne, mama wa watoto watatu. Mume wake Masumbuko alikwenda Manda kwenye kazi za ziwani, akaahidi kurudi Krismasi, na Krismasi imepita mara mbili. Dorosela analima vibarua kwenye mashamba ya parachichi, na vibarua mwezi huo havikuwepo. Ndani ya ndoo kulikuwa na utumbo umefunikwa kwa majani.

Tatizo ni kwamba Dorosela ni muumini wa kanisa la kilimani. Ni mwimbaji wa mstari wa mbele. Angeweza kwenda kibandani kwa Hilario kuomba ule utumbo na angepewa mara moja, lakini siku hiyo hiyo kila mtu pale kilimani angejua kwamba anawalisha watoto nguruwe. Na ni wanawake wa kanisa hilo hilo waliompa mbegu za maharage na kumshonea watoto sare za shule.

"Mama Rejoice," akaniambia, "hukuniona."

"Sikukuona," nikamjibu.

Nilijaribu kumpelekea mayai. Mara ya kwanza alipokea. Kesho yake alfajiri nikamkuta analima bustani yangu ya mboga bila kuombwa, amefika katikati. Mara ya pili alinirudishia trei na mayai yote ndani, akasema asante, watoto wana mafua. Kuna watu wanaoweza kula mkononi kwa mtu na kuna wasioweza. Dorosela hawezi. Nilikasirika siku ile, nikamwita mwenye kiburi moyoni mwangu, lakini mimi nimeshawahi kuwa na njaa na najua kinachobaki kwa mtu akishanyang'anywa kila kitu.

Sasa rudi ofisini kwa Hilario, unione nilivyokaa kwenye lile benchi. Malalamiko yangu ya kuku yalikuwa yanakwenda kuua familia ya jirani.

Nikamwambia sumu ni hatari. Akasema mbweha ndio hatari. Nikamwambia mbwa wa watu wataila. Akasema wenye mbwa wafunge mbwa wao. Nikamuuliza kwa nini asichimbe shimo, akatupa utumbo humo na kulifunika. Akacheka. "Mama, shimo la kina hicho, kwenye mawe yale? Saruji? Mfuniko? Kwa ajili ya mbweha?" Yaani kupaka sumu ni kazi ya dakika kumi, kuchimba ni kazi ya siku mbili, hiyo ndiyo hesabu yake. Na akaongeza, kama mtu anayenifanyia hisani: "Nafanya hivi kwa ajili yako."

Nilikwenda kwa Dorosela moja kwa moja. Nikamkuta anapepeta mahindi.

"Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene, Mama Rejoice. Karibu."

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Akasema, "Sitakwenda tena." Nikashusha pumzi. Ijumaa ile ile jioni nikamwona kupitia dirisha anashuka na ndoo.

Nilimkimbilia mpaka korongoni, miguu peku. "Una wazimu, mdogo wangu?"

"Leo hawajaweka," akasema. "Nanusa kwanza. Na Ezekia amesema nisipokuja mimi atakuja yeye, kwa hiyo bora nije mimi." Ezekia ni mtoto wake mkubwa, ana miaka tisa. Nikaona kwamba kuonya hakutoshi. Njaa ilikuwa imeshaamua kwa niaba yao.

Jumatatu nilipanda Coaster nikaenda Njombe. Niliambiwa kuna afisa wa wanyamapori kule anayesikiliza watu, na kweli nilimkuta, dada mmoja anaitwa Rosemary, kijana, amevaa buti zenye matope. Hakunitolea fomu kwanza. Aliniuliza maswali: mbweha walianza lini, kuku wanalala wapi, karibu na nyumba kuna nini. Nilipofika kwenye korongo la Hilario akaweka kalamu chini.

"Mama, hao hawakuja kwa ajili ya kuku," akasema. "Wameitwa na utumbo. Kuku wako wako njiani tu. Ukiua hawa, wiki ijayo watakuja wengine, maana chakula bado kipo."

Akanieleza kwamba mnyamapori hauawi bila kibali, na kwamba sumu imekatazwa na sheria kabisa, hata ukiwa na uchungu wa kuku mia, kwa sababu sumu haichagui. Tai anakula mzoga naye anakufa, mbwa anakufa, mtu anakufa. Akanieleza la kufanya: shimo refu lenye mfuniko mzito; wavu wa banda ufukiwe chini ya ardhi kiasi cha futi moja, maana mbweha anachimba; kuku wafungiwe kabla jua halijazama na wasifunguliwe mapema; mbwa wote wa mtaa wachanjwe. Mbweha asiyeogopa watu asisogelewe, aitwe mtaalamu, kwa sababu huenda ana kichaa. Akiuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Yote hayo akayaandika kwenye barua, akagonga muhuri. Nilirudi Makambako nimeibana barua ile kifuani kama cheti cha ndoa.

Nilikuwa mjinga. Nilidhani barua yenye muhuri inatosha.

Hilario aliisubirisha sumu mpaka mkutano wa mtaa uipitishe, na mkutano ulikuwa Jumapili alasiri, uwanja wa ofisi. Watu walijaa, wa kibandani na wa kilimani, maana habari za mbweha zilikuwa zimewagusa wengi. Mmoja kaibiwa bata, mwingine sungura. Dorosela alikuwa amekaa kwenye majani pamoja na wanawake wa kanisa lake, mtoto mdogo mapajani. Alois alikuja na chupa yake kabisa, ameifunga kwenye gazeti, akaiweka juu ya meza mbele ya mwenyekiti. Mtendaji, Lukas, alikuwa anaandika muhtasari.

Nikasimama nikasoma barua. Nilisoma vizuri, kwa sauti, mpaka mwisho. Nilipomaliza, Hilario akakohoa.

"Tunamshukuru Mama Rejoice," akasema. "Wiki iliyopita alikuja analia kwamba mbweha wanamfilisi. Leo amekuja na wakili wao."

Wakacheka. Watu wazima, wenye wajukuu, wakacheka mpaka wakagongana mabega.

"Sheria inakataza," nikasema.

"Sheria iko Njombe, mbweha wako hapa," akajibu, na wakapiga makofi. Nataka nieleweke: palikuwa na watu zaidi ya mia moja pale, wote wamesikia kwamba sumu ni kosa, wote wamesikia kwamba dawa ya mbweha ni shimo, na hakuna hata mmoja aliyesema mwenyekiti, wewe ndiye unayetupa huo utumbo. Hata mmoja! Kwa sababu kibandani kwake wanakula kwa mkopo, na wale wasiokula nguruwe waliona mambo ya nguruwe hayawahusu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Mtu anaweza kula ile sumu," nikasema.

"Mtu gani?" Hilario akafungua mikono yake. "Nani mwenye akili timamu ataokota utumbo wa nguruwe uliotupwa porini akaule? Hebu tumjue. Asimame tumwone."

Kicheko kikawa kikubwa kuliko vyote. Wanawake wa kilimani walifunika midomo kwa kanga. Na katikati yao nikamwona Dorosela. Alikuwa anacheka na yeye. Mdomo unacheka, macho ameyashusha kwa mtoto wake, na mkono wake unapapasa kichwa cha yule mtoto bila kukoma.

Nilikuwa nina maneno mawili tu ya kusema na mambo yangekwisha: jina lake na jina la baba yake. Yalikuwa kwenye ulimi. Ningemwokoa na sumu, na kesho yake asingekuwa na mtu wa kumsalimia. Nikamtazama Hilario, mikono yake bado imefunguliwa, anamsubiri huyo mtu asimame. Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Ninayekula huo utumbo ni mimi. Kila Ijumaa jioni nashuka na ndoo, naokota, naosha, napika. Nimeshasimama. Nione."

Alois alivuta chupa yake taratibu kutoka mezani.

"Mama Rejoice, acha utani," Hilario akasema.

"Sina utani na wewe. Lukas, andika. Andika jina langu kamili, andika kwamba mwenyekiti ameambiwa mbele ya mkutano kwamba pale kuna mtu anakula. Halafu aweke sumu yake. Tuone kama polisi wataiita kesi ya mbweha."

Lukas akamtazama mwenyekiti, kisha akaandika. Sheria ya nchi nzima niliyoisoma haikumtisha Hilario hata kidogo. Kilichomtisha ni mistari miwili ya Lukas, kwa sababu ilikuwa na jina lake ndani. Kabla jua halijazama mkutano uliamua kwamba sumu hakuna, na kwamba utafanyika msaragambo wa mtaa mzima, Jumamosi mbili, kuchimba shimo.

Dorosela hakuniangalia. Aliondoka na wenzake.

Nililipia vizuri kusimama kule. Mwenye hoteli aliyekuwa akichukua trei zangu sita kwa wiki akanitumia ujumbe kwamba kwa sasa anayo mayai ya kutosha. Watu wakaanza kusema ndiyo maana mbweha wamezoea kwake, amewavuta yeye na ndoo yake. Rejoice, ambaye ana saluni Njombe, alinipigia simu akilia: "Mama, nimesikia nini? Si ungeniambia kama huna kitu?" Nikamwambia mwanangu, mimi ninacho. Hakuniamini. Mpaka leo anatuma unga wa sembe kila mwezi, na mimi naupokea kwa sababu sina la kusema.

Shimo lilichimbwa. Lina kina cha watu wawili, limejengewa mdomo kwa tofali, na lina mfuniko wa zege wenye pete za chuma ambao wanaume wawili wanauinua kwa kuguna. Mbwa wakachanjwa, na mimi nikafukia wavu wangu futi moja chini. Wiki ya kwanza baada ya hapo mbweha walikuja wakazunguka, wakanusa zege, wakalia kidogo. Wiki ya tatu hawakuonekana. Hakuna hata mmoja aliyeuawa, hakuna mbwa aliyekufa, na kuku wangu hawajapungua hata mmoja tangu hapo. Rosemary alifurahi sana nilipompigia. Na Hilario? Hilario alikwenda kwenye kikao cha kata akaeleza jinsi mtaa wake ulivyowashinda mbweha kwa kufuata sheria, akapongezwa, akarudi akatuhadithia alivyopongezwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikaenda nyumbani nikapasua kuni ambazo sikuzihitaji.

Mwisho wa mwezi wa nane, jioni, Dorosela akaja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kwangu tangu mkutano. Alikataa kiti, akakaa kwenye kigogo nje ya jiko.

"Nimekuja kukushukuru," akasema. "Nimechelewa."

"Usinishukuru. Watoto wazima?"

Alikuwa amekonda shingo. Alitazama upande wa misindano.

"Nimekwenda pale mara mbili," akasema. "Mfuniko ule ni mzito. Mbweha wameshindwa kuufungua, Mama Rejoice. Na mimi nimeshindwa."

Nilikuwa nimepigania shimo hilo kwa meno, nimeapa uongo mbele ya mtaa, nimehesabu kuku wangu kila jioni kwa furaha, na katika mwezi mzima sikuwahi kujiuliza hata mara moja Dorosela anapika nini. Niliwakasirikia watu mia moja kwa kutomfikiria. Mimi nilikuwa wa mia na moja.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa na raha na kuku wako," akasema, bila ubaya wowote.

Nikamwambia atachukua mayai na safari hii hatarudisha. Akatikisa kichwa. Mayai ni kazi yako, akasema, siwezi kuja kusimama mlangoni kwako kila siku. Akaaga akaondoka, na mimi nikabaki nimekaa pale mpaka baridi ikanifukuza.

Ijumaa nikachukua ndoo, nikaenda kibandani kwa Hilario kweupe, wateja wamejaa. Nguruwe walikuwa wameshaletwa kutoka misindanini, na vya ndani vimeletwa pamoja nao kwenye karai, vikisubiri vijana wa kurudi kuinua mfuniko wa shimo.

"Karibu, mlaji wetu!" Hilario akapaza sauti, na meza zote zikageuka.

"Nimekuja kuchukua utumbo kabla hujaufukia," nikasema. "Mtaa mzima unajua naula. Sina wa kumficha."

"Chukua, mama, chukua. Bure kabisa."

Nilijaza ndoo. Nikapita nayo katikati ya mtaa bila kuifunika. Njiani nikakutana na wanawake wa kilimani wanatoka mazoezi ya kwaya. Walisogea pembeni, wakaziba pua kwa kanga. Dorosela alikuwa kati yao, akaziba na yeye. Sikumlaumu hata chembe. Jioni niliiacha ndoo nyuma ya nyumba yake, penye kuni, na asubuhi nikaikuta mlangoni kwangu imesuguliwa kwa jivu mpaka inang'aa.

Ijumaa iliyofuata Hilario akaniuliza mbele ya wateja wake kama siku hizi kuku wangu hawatagi. Nikamwambia wanataga vizuri sana, na kwamba leo utumbo peke yake hautoshi, akate na ini. Akacheka, akakata kipande kidogo, akakitupia ndooni. Sikuondoka. Nilisimama pale na ndoo yangu, watu wakinitazama, mpaka akakata kingine.